Gesi isiyoungana na kitu yawezaje kumwangusha mtu?

*"Shikamoo mtaalamu. Nina mwaka wa pili najifunza kuchomelea stenlesi na alumini kwa argoni. Shuleni tulifundishwa kwamba argoni ni gesi bwete, haiungani na kitu chochote, tena imo kwenye hewa tunayovuta kila siku. Wiki iliyopita mwenzangu alikuwa anachomelea ndani ya tanki. Alitoka kwenda kula, akasahau kufunga gesi, akarudi baada ya saa nzima na kuingia tena. Msimamizi alimvuta nje kwa ukali. Yeye anasema hakusikia harufu wala kubanwa kifua, ila miguu ililegea tu. Tangu siku hiyo karakana nzima tunabishana. Wapo wanaosema argoni ni sumu, na kwa kuwa ni nzito hutuama mapafuni isitoke. Wapo wanaosema ni hewa tu, msimamizi ana woga. Mimi mwenyewe jioni kichwa huniuma na koo huniwasha. Gesi isiyofanya chochote inawezaje kumdhuru mtu? Na kama ina hatari, kwa nini tusitumie nitrojeni, kwani nayo si imetulia vilevile?"*

Marahaba, kijana wangu. Kabla ya kemia, nianze na mwenzako. Miguu ile haikulegea kwa uchovu. Alikuwa ameanza kukosa oksijeni, na pumzi chache zaidi akiwa ameinama kwenye sakafu ya tanki zingetosha kumlaza. Msimamizi wenu hakuwa na woga, alijua anachokiona. Kama mwenzako bado ana kizunguzungu, kichwa kizito au anasahausahau mambo, aende hospitali leo na aeleze kwamba alikuwa ndani ya tanki lenye argoni. Asiseme tu kwamba alichoka kazini, maana daktari atatibu kile alichoambiwa.

Sasa tuje kwenye ubishi wenu. Kila upande umeshika kipande cha ukweli. Ni kweli argoni si sumu, na ni kweli imo hewani. Lakini kutokana na kweli hizo mbili mmefika mahali ambapo atomu yenyewe haiwapeleki, kwa hiyo turudi kwenye atomu.

Atomu ya argoni ina protoni 18 ndani ya kiini, na elektroni 18 zilizopangwa katika maganda matatu: 2, 8, na 8. Ganda la nje lina elektroni nane, na mpangilio huo ni mtulivu mno. Utauelewa vizuri ukitazama majirani zake wawili kwenye jedwali la elementi. Upande mmoja yupo klorini mwenye protoni 17. Amepungukiwa elektroni moja tu, na kwa ajili ya hiyo moja huvamia metali, macho, koo na mapafu. Upande wa pili yupo potasiamu mwenye protoni 19. Ana elektroni moja iliyobaki peke yake ganda la nje, naye huitoa kwa pupa kiasi kwamba ukimdondosha majini huwaka moto. Katikati yao amekaa argoni, hadai wala hadaiwi. Kung'oa elektroni moja kutoka kwa potasiamu kunahitaji kilojuli 419 kwa kila moli, ilhali kwa argoni kunahitaji kilojuli 1,521. Na ukimpa elektroni ya ziada, hana pa kuiweka.

Kwa hiyo mwalimu wako wa shule hakukosea. Nitaongeza jambo moja dogo tu, kwa sababu ulisema "kitu chochote". Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, walifaulu kuunganisha argoni na florini na haidrojeni. Muungano huo uliishi tu ndani ya argoni iliyogandishwa, kwenye baridi ya zaidi ya nyuzi 240 chini ya sifuri, na ulivunjika ulipopata joto kidogo. Katika tochi yako ya kuchomelea, damu yako na mapafu yako, argoni haiungani na kitu.

Utulivu huohuo ndio unaoeleza karibu tabia zote za argoni unazokutana nazo kazini. Atomu zake hazishikani hata zenyewe kwa zenyewe. Oksijeni hutembea wawili wawili, nitrojeni vivyo hivyo, lakini argoni kila atomu hutembea peke yake. Kuvutana kwao ni hafifu mno, kunatokana na mawingu ya elektroni kuyumba kidogo yanapokaribiana. Ndiyo maana argoni hubaki gesi mpaka uipoze kufikia nyuzi 185.8 chini ya sifuri. Hapo huwa kimiminika, na ukiipoza nyuzi tatu na nusu tu zaidi, huganda. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, kwa sababu pua na ulimi huhitaji molekuli ziungane nazo walau kwa muda, na argoni haifanyi hivyo. Mwenzako aliposema hakusikia harufu, alisema kweli, na hatasikia hata siku moja.

Kuhusu uzito, wanaosema argoni ni nzito wako sahihi, nao wanastahili kujua kwamba uzito huo ndio ulioifichua. Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, alikuwa akipima nitrojeni kwa uangalifu ambao hadi leo unanistaajabisha. Nitrojeni aliyoipata kwa kuondoa oksijeni hewani ilikuwa na gramu 1.257 kwa lita. Nitrojeni aliyoipata kutoka kwenye kemikali ilikuwa na gramu 1.250. Tofauti ilikuwa ya gramu saba kwa kila lita elfu moja. Wengi wangeilaumu mizani na kuendelea na mambo mengine. Yeye alirudia, akarudia tena, kisha mwaka 1892 akachapisha barua ya kuwauliza wanakemia kama yupo mwenye maelezo. Mwanakemia William Ramsay alichukua ile nitrojeni ya hewani akaipitisha mara nyingi juu ya magnesi iliyopashwa moto, ambayo huila nitrojeni, mpaka ikabaki gesi kidogo isiyoliwa na kitu. Walitangaza ugunduzi huo mwaka 1894 na kuipa gesi hiyo jina kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu. Walipima pia mwendo wa sauti ndani yake, na mwendo huo ukawaonyesha kwamba atomu zake hutembea moja moja. Mwaka 1904 wote wawili walipata Tuzo ya Nobel, Rayleigh ya fizikia na Ramsay ya kemia.

Mimi nikifundisha huandika namba tatu tu ubaoni: 28, 32, 40. Ya kwanza ni uzito wa molekuli ya nitrojeni, ya pili ya oksijeni, na ya tatu ni atomu moja ya argoni peke yake. Lita moja ya hewa kwenye nyuzi sifuri ina gramu 1.29, lita moja ya argoni ina gramu 1.78. Ikitolewa polepole mahali pasipo na upepo, hushuka, hutambaa sakafuni na kujaza shimo kutoka chini kama maji. Lakini ikishachanganyika na hewa haijitengi tena. Chembe za gesi hukimbia huku na huku kwa kasi kubwa, na uzito wa atomu moja hautoshi kuzituliza. Isingekuwa hivyo, argoni yote ya dunia ingekuwa imelala sakafuni na watoto wachanga wasingepumua.

Na hapo ndipo dai la kutuama mapafuni linapoanguka. Argoni ni asilimia 0.93 ya hewa kavu. Pumzi moja ya kawaida ni kama nusu lita, kwa hiyo kila unapovuta unaingiza karibu mililita tano za argoni, yaani kijiko cha chai, na kijiko hichohicho hutoka. Umefanya hivyo tangu ulipozaliwa. Mapafu si ndoo. Kila pumzi huchanganya kilichomo na kutoa sehemu yake, na mtu aliyevuta argoni nyingi akikaa kwenye hewa safi huisafisha ndani ya dakika chache. Kiasi kidogo kilichoyeyuka kwenye damu nacho hutoka kwa njia hiyohiyo. Hakuna dawa wala kinywaji cha kuiondoa, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kuondolewa.

Nikiwa hapa niseme jambo ambalo mafundi wengi hulishangaa: argoni iliyomo mtungini mwenu haikutengenezwa kiwandani. Hewa hupozwa mpaka iwe kimiminika, kisha hutenganishwa kwa kuchemka kwake. Nitrojeni huchemka kwenye nyuzi 195.8 chini ya sifuri, argoni 185.8, oksijeni 183. Na hewani ilifika kutoka kwenye mawe. Karibu argoni yote ya dunia imetokana na potasiamu-40, aina ya potasiamu yenye mnururisho iliyomo miambani, inayooza polepole sana: nusu yake huisha kwa takriban miaka bilioni 1.25. Wanajiolojia hupima argoni iliyonaswa ndani ya mwamba wa volkeno ili kujua umri wake. Kwa njia hiyo, mwaka 1961, tabaka la chini la Bonde la Olduvai, Tanzania, lilikadiriwa kuwa na miaka milioni 1.75.

Turudi tankini. Argoni hudhuru kwa kukaa mahali pa oksijeni, basi. Mwili wako hauhitaji kuguswa nayo hata kidogo ili udhurike.

Hebu tupige hesabu, nawe uirudie kwa vipimo vyenu. Tuseme tanki lina lita 3,000, na tochi inatoa lita 10 kwa dakika. Saa moja ya chakula ni lita 600, yaani moja ya tano ya tanki. Hata kama gesi hiyo ingechanganyika sawasawa, oksijeni ingeshuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 17. Lakini ndani ya tanki lililotulia haichanganyiki sawasawa, hulala chini. Aliyesimama mlangoni anaweza kuvuta hewa nzuri kabisa, na aliyepiga magoti kuchomelea mshono wa sakafuni akawa ameweka pua kwenye hewa yenye oksijeni chini ya asilimia 10. Ikiachwa usiku kucha, kwa muda wa saa 10, hizo ni lita 6,000, mara mbili ya tanki zima. Mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa shinikizo la baa 200 unabeba kama lita 10,000.

Viwango vya usalama vinavyotumika sana kazini huhesabu oksijeni chini ya asilimia 19.5 kuwa upungufu. Ikishuka kuelekea 15, moyo hukimbia na mikono na miguu huanza kutotii. Kati ya 10 na 6 mtu huweza kuanguka akiwa bado anafikiri yuko sawa. Kwenye argoni karibu tupu, pumzi moja au mbili zinatosha kumzimisha mtu, kwa sababu oksijeni iliyokuwa kwenye damu yake hutoka kurudi mapafuni, na pumzi anazovuta humnyang'anya badala ya kumpa. Baada ya hapo ubongo una dakika chache tu.

Unauliza kwa nini hakubanwa kifua. Hili naomba ulielewe kuliko mengine yote. Ile hamu kali ya kuvuta pumzi unayoisikia ukizama majini haitokani hasa na kukosa oksijeni. Hutokana na kaboni dioksidi inayorundikana mwilini. Ndani ya argoni unaendelea kupumua vizuri, unatoa kaboni dioksidi yako kama kawaida, na mwili hauoni sababu ya kupiga kelele. Kinachotangulia kuzimika ni busara, ile hasa ambayo ungeitumia kuamua kutoka. Ndiyo maana mtu huketi akitabasamu mahali anapokufa. Na ndiyo maana mwenzake, akimwona ameanguka, humkimbilia naye akaanguka juu yake. Ajali nyingi za matanki huua wawili au watatu kwa namna hii. Mkimwona mtu amelala ndani, msiingie. Fungeni gesi, ingizeni hewa, mvuteni kwa kamba kama amefungwa nayo, iteni waokoaji wenye vifaa vya kupumulia. Barakoa ya kichujio haisaidii kitu hapa. Huchuja hewa iliyopo, haileti oksijeni isiyokuwepo.

Kuhusu nitrojeni, nakuelewa, lakini jina la "gesi iliyotulia" haliistahili kwenye joto lako. Atomu zake mbili zimeshikana kwa nguvu sana, na utulivu wake unategemea mshiko huo. Kwenye tao la umeme, penye maelfu ya nyuzi joto, mshiko huvunjika na atomu zilizoachwa peke yake huingia ndani ya metali. Kwenye chuma huacha vitundu. Kwenye titani mshono huwa mgumu na kupasuka kama kauri. Argoni haina cha kuvunja, kwa sababu ilishakuwa atomu moja moja tangu mwanzo. Heli nayo ni bwete na hutumika, hasa kwenye alumini nene, kwa kuwa tao lake lina joto zaidi, lakini elektroni zake ni ngumu zaidi kung'oa, hivyo tao hukataa kuwaka kirahisi. Pia ni nyepesi, hupaa na kuacha mshono wazi usipoongeza mtiririko. Argoni hukaa juu ya mshono kama blanketi. Na usidhani nitrojeni ingewaokoa tankini. Humwangusha mtu kwa njia ileile, kimya vilevile.

Sasa kichwa na koo lako. Kwa maelezo uliyotoa, koo linalowasha siwezi kulibebesha argoni, maana argoni haiwashi kitu. Mshukiwa wangu wa kwanza ni ozoni. Tao linalowaka ndani ya argoni hutoa mwanga mkali wa urujuanimno, hasa kwenye alumini na stenlesi, na mwanga huo huvunja oksijeni ya pembeni na kuunda ozoni. Ukisikia harufu kali kama ya mashine ya umeme iliyopata moto, ndiyo hiyo. Kwa kuwa uchomeleaji wa aina hii una moshi kidogo, mafundi huona hewa ni safi na kusogeza uso karibu. Wa pili ni moshi wenyewe: stenlesi hutoa kromi na nikeli, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka moshi wa kuchomelea miongoni mwa visababishi vya saratani mwaka 2017. Wa tatu, na huyu muulizie leo, ni dawa mnayosafishia mafuta kwenye metali. Kama ina klorini, mwanga wa tao huweza kuigeuza kuwa fosjini, na fosjini ni sumu kweli. Na maumivu ya kichwa peke yake yanaweza pia kuwa oksijeni ndogo ya kila siku kwenye chumba kilichofungwa chenye mpira wa gesi unaovuja. Paka maji ya sabuni kwenye viungo vya mpira na regulata, kile kifaa cha kupunguza shinikizo la mtungi, utaona mapovu.

Dawa ya yote haya ni hewa inayotembea, nayo ina ugumu wake ambao sitaki kukuficha. Feni ikipuliza mshono moja kwa moja itafukuza argoni nao utajaa vitundu, ndiyo maana mafundi huizima. Kinachofaa zaidi ni mpira wa kunyonya hewa uliowekwa karibu na mshono, ukivuta kutoka upande ulipo moshi bila kupiga tao, na ndani ya tanki unyonye kutoka sakafuni, inakolala argoni, hewa safi ikiingia kwa juu. Pamoja na hilo, kipimo cha oksijeni chenye kengele, kivaliwe kifuani, na kabla ya kuingia kishushwe kwa kamba mpaka chini kabisa; kupima mlangoni tu hakutoshi. Na mtu mmoja asimame nje muda wote asiye na kazi nyingine. Kuna kosa moja nimewahi kulishuhudia ambalo linanitisha hadi leo: fundi alifungulia mtungi wa oksijeni ndani ya tanki "kuongeza hewa". Hewa yenye oksijeni nyingi hugeuza nguo, nywele na grisi kuwa kuni. Msifanye hivyo kamwe.

Kwako wewe, kama koo na kichwa hupungua siku za mapumziko na kurudi ukianza kazi, nenda kwa daktari, ikiwezekana anayeshughulikia magonjwa ya kazini, ukiwa na orodha ya metali, vijiti na dawa za kusafishia mnazotumia. Kifua kikibana au pumzi ikiwa fupi, hata kama ni usiku saa kadhaa baada ya kutoka kazini, usisubiri asubuhi: ozoni na fosjini huweza kujaza maji mapafuni kwa kuchelewa. Na yeyote aliyezimia, hata kwa sekunde tano akaamka mwenyewe akicheka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Tanki lenyewe lisiingiwe tena mpaka mtu wa usalama afike, apime, na aandike nani anaruhusiwa kuingia na lini. Fundi akitoka kwenda kula, tochi itoke naye pamoja na mpira wake, na valvu ya mtungi ifungwe, kwa sababu kitufe cha tochi hakizuii mpira wenye ufa.